Utando Mweusi wa Mto wa Igowole

Nisikilize, wewe uliyebaki Mbeya, nikueleze kilichonitoa maabarani na kunipeleka Mufindi wakati wa baridi kali. Dada yangu Atupele, aliyeolewa Igowole, aliniandikia barua: ndama wake wawili wamekufa kando ya mto bila jeraha. Alimshuku jirani yake, Mzee Sanga, kwamba ametia sumu majini. Jumamosi mkutano wa kijiji ungeamua kama mzee huyo ahamishwe.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi, hadubini nimeipakata kama mtoto mchanga. Mafinga niliteremka, nikapata lori la mbao hadi Igowole.

Jioni, baada ya salamu za "kamwene" nyingi na ugali wa moto, dada alinieleza yote. Kiangazi, ambacho Mufindi ndicho kipindi cha baridi, watu wa huko hulima vinyungu, bustani za bondeni, na huziba mto kwa mawe na udongo ili maji yalowanishe matuta. Mwaka huo aliyeziba alikuwa Mzee Sanga, ndiyo maana lawama zilimwangukia.

Ijumaa asubuhi tulishuka mtoni. Maji yalikuwa baridi, maangavu, yakienda polepole. Mawe ya chini yalifunikwa na utando mweusi unaoteleza. Ukingoni palikuwa na rundo la utando huohuo, alama za kwato ndogo zimelizunguka, na upande mmoja limeliwa. Niliuliza nani amelirundika.

"Mimi," dada alijibu kwa fahari. "Nakwangua mawe kila wiki, ndama wangu wanywe mahali pasafi. Wengine hapa hawajali."

Niliweka kipande kidogo chini ya hadubini, kioo chake nikakielekeza kwenye mwanga wa anga. Nikaona nyuzi tele, za rangi ya kijani iliyoingia buluu, nyingine zikijisogeza taratibu. Nilimwita dada, kisha Mzee Sanga aliyekuwa akitutazama kutoka ng'ambo. Niliwaeleza kwamba huo ni mwani, kitu hai kinachojilisha kwa jua kama majani. Maji yakipungua mwendo na jua likifika chini, hutanda juu ya mawe, hata kwenye baridi. Aina nyingine hazidhuru. Nyingine zina sumu ya kuua mnyama upesi. Hadubini huonyesha nyuzi, haionyeshi sumu.

"Kwa hiyo hujui," dada alisema.

"Kwa hakika sijui, dada. Ila rundo limeliwa, na aliyelirundika tunamjua."

Mzee Sanga aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Nilidhani nahamishwa kwa sumu yangu," akasema. "Kumbe ni kwa usafi wa shemeji."

Jumamosi dada alisimama mkutanoni mwenyewe, akasema amekosea, akamwomba mzee radhi mbele ya watu wote. Mzee alibaki kijijini. Alasiri alibomoa upande mmoja wa kizuizi chake, maji yakapata mwendo.

Jumapili nilirudi Mbeya na chupa ya utando ili upimwe. Majibu bado, lakini nimejifunza kwamba maji kuwa maangavu na baridi hakutoshi kuyaamini. Nawe usingoje majibu hayo. Ukiona utando mweusi juu ya mawe ya mto, usiukwangue na kuuacha ukingoni. Uache ulipo, zuia ndama na mbwa wasiukaribie, na wanyweshe pale maji yanapokwenda kasi.