Usinitazame Mimi, Tazama Ndizi

Mimi kujisifu sioni haya, hasa kwa jambo nililolitolea jasho. Ni mwanasaikolojia wa hospitali, na utafiti wangu wa miaka yote ni kitu kimoja tu: jinsi ya kuzungumza na mfiwa wa huku Meru. Nilianza kama nilivyofundishwa chuoni, viti viwili, uso kwa uso, "Unajisikiaje?" Wapi! Akina mama walinijibu "Tunamshukuru Mungu" mpaka nikachoka. Siku moja nikamkuta mmoja anamenya ndizi za kupika, nikaomba kisu nimsaidie. Kabla beseni halijajaa alikuwa ameshanisimulia habari zote za mwanawe aliyemzika, bila kunitupia jicho hata mara moja.

Kazi yangu ilianzia hapo. Nikarudia kwa wengine, nikalinganisha, nikaandika. Kwenye kongamano la kwanza mwenzangu mmoja akauliza mbele za watu kama hiyo ni saikolojia au upishi. Ukumbi mzima ukacheka. Nilimjibu vibaya, na wala sijutii. Leo njia hiyo wanafundishwa wahudumu wa afya wa vijijini, hadi mikoa ambayo sijawahi kukanyaga. Jamani, niacheni nivimbe kichwa kidogo.

Mama yangu ndiye hakuwahi kushtuka. "Yaani wanakulipa kwa kusikiliza watu wakiongea?" Wenzake wa usharika wakimuuliza ninafanya nini, anasema niko hospitali, basi.

Mwaka jana baba alifariki. Msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, mama akaacha kula. Kila Jumamosi nilitoka kwangu Njiro nikapanda hadi kwake, juu ya Tengeru, nikamkuta kitandani na nguo zilezile, kahawa imeiva na inadondoka shambani. Nilimpikia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, chakula akipendacho. Alionja kijiko kimoja akasukuma bakuli. Nikianza kumuuliza maswali, ananikata: "Usiniletee mambo ya hospitali. Mimi ni mama yako." Alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Mimi, bingwa wa wafiwa! Niliogopa tutarudi kaburini kabla udongo wa baba haujatulia.

Jumamosi moja nafika, nasikia kicheko jikoni. Mama kakaa kwenye kigoda, kajifunga kitenge safi, anamenya ndizi na mwanamke nisiyemjua. Kumbe ni mhudumu wa afya wa kijiji, amekuwa akija wiki nzima. Alipoaga nilimsindikiza hadi barabarani, nikamuuliza amemfanya nini mama yangu.

"Sijamfanya kitu, dada. Kwenye semina tulifundishwa tusimtazame mfiwa usoni, tutazame ndizi."

Mama wee! Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa mkono huu. Yeye hakunijua, na aliyemfundisha simjui. Nilitaka kumkumbatia, nikamkumbatia, akabaki ananishangaa.

Nilirudi jikoni natembea kama bibi harusi. Mama alikuwa anakula, bakuli mapajani.

"Yule ndiye anaijua kazi," akasema. "Ungekaa naye akufundishe."

"Mama, njia ile ni yangu! Niliigundua mimi. Nimesafiri nayo hadi nchi za watu!"

Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Yako? Mbona mimi hukunimenyea hata moja?"



Mama akaweka bakuli chini, akanisogezea kigoda kwa mguu, akanipa kisu. "Kaa. Usinitazame mimi, tazama ndizi." Akachukua yake, akaanza kumenya taratibu. "Haya. Tangu tumzike baba yako hujamlilia. Ulikuwa unahangaika na mimi tu. Nilikuwa nakuona."

Nikashika kisu. Ndizi ya kwanza sikuimaliza.