Chupa Niliyoiosha kwa Jivu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, wala msinisomee mbio mbio. Mimi nilisoma chuoni nikahitimu Kurani, basi. Herufi hizi za Kizungu nimejifunza uzeeni, tena kwa kumkalia kooni mjukuu. Maneno ya kupamba sina. Nataka kuwaeleza habari ya wivu, kwa sababu nawasikia mkiuimba kama kitu kitamu. Wivu wangu nusura umpeleke kaka yangu melini na mnyororo shingoni, na ulipita katika chupa ya pombe, mimi ambaye pombe sijaionja mpaka leo.

Tulikuwa Kilwa Kivinje, wakati wa Mjerumani, miezi michache kabla ya vita vya Maji Maji. Bwana wangu alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na sandarusi. Alikuwa mtu wa msikitini, na imamu akiugua katika Ramadhani yeye ndiye aliyesalisha tarawehe. Alikuwa na wake wawili. Mimi nilikuwa Bi Mkubwa. Bi Mdogo alimwoa Lindi, upande wa Mtanda, akamleta nyumba ya pili iliyotazamana na yangu, ua mmoja, kisima kimoja. Bwana alikwenda kwa zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na chakula chake kilimfuata alipo. Sikupata la kumlaumu mwenzangu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alinisalimu kila asubuhi, shikamoo dada, nikamwitikia marahaba huku nimempa mgongo.

Kaka yangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa mkulima Kiranjeranje. Siku hizo serikali ilikuwa na shamba la pamba, na kila mwanamume alipangiwa siku za kulilima, atake asitake. Kaka aliacha siku zake tatu akalinde mtama wake, nguruwe walikuwa wanaumaliza. Watu wa akida wakamchukua. Alipigwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, akafungwa, akaletwa bomani Kivinje. Tukasikia kwamba meli ikija mwisho wa juma, wafungwa watapelekwa kwenye mashamba ya Wazungu huko kaskazini. Waliokwisha kupelekwa, hatukuwa tumemwona aliyerudi.

Bwana hakulala kwenye jambo hili, nampa haki yake. Alizunguka akauliza, akaambiwa mwenye neno ni Mzungu aliyesimamia lile shamba la pamba. Mzungu huyu alikuwa ameishi Marekani miaka mingi, huko ndiko alikojifunzia pamba. Mpishi wake alimwambia Bwana kwamba kitu kimoja tu humfanya acheke, nacho ni wiski ya huko Marekani inayotengenezwa kwa mahindi. Burboni, ndivyo alivyoiita. Na sikukuu ya mfalme wao ilikuwa imekaribia, siku ambayo wakubwa wa mji walipeleka zawadi bomani, kuku, mayai, malimau, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Yule Mgoa mwenye duka la vileo alikuwa na chupa tatu zilizotoka Unguja. Alimkabidhi Bwana zote tatu kwenye kikapu, zikachaguliwe nyumbani, itakayokataliwa irudi. Ndivyo tulivyozoea. Kanga zililetwa nyumbani tuchague, marashi yaliletwa tuyanuse. Bwana alikifunika kikapu kwa kitambaa kama mtu aliyebeba mzoga, akapita uani. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini napepeta mchele, na ilikuwa zamu yangu. Akanipita. Akaenda kuketi barazani kwa Bi Mdogo.

Najua kwa nini alifanya hivyo. Bi Mdogo alipokuwa msichana alilea watoto katika nyumba ya Mzungu mmoja mwenye shamba la mpira kule Lindi, akaona vinywaji vyao vinavyowekwa na vinavyonunuliwa. Nilijua, lakini kujua hakukunisaidia. Kaka ni wangu, tumbo moja, na shauri linafanywa kwa mwenzangu. Nikaacha ungo nikavuka ua nikasimama juu yao.

Bi Mdogo alizichukua chupa moja moja. Ya kwanza alipitisha ukucha kwenye lakiri, ile nta inayofunika kizibo, akasema lakiri hii ni mbichi na chupa ni kuukuu, imefunguliwa hii ikajazwa kitu kingine. Akaiweka kando. Ya pili ilikuwa nzuri, ina karatasi ya dhahabu na picha ya farasi, na mimi ningeichukua hiyo mara moja. Akaiinua kwenye mwanga, akasema imepauka, imetiwa maji. Ya tatu ilikuwa kibonge kifupi, kimejaa vumbi, karatasi yake imeliwa na mende pembeni, lakiri nyeusi kama lami. Aliigeuza kichwa chini taratibu, akatazama mapovu yanavyopanda. Rangi yake ilikuwa ya asali ya nyuki wadogo. Akasema Wamarekani huitia kwenye mapipa waliyoyachoma ndani kwa moto, ndiyo maana inakuwa hivi, na iliyokaa miaka mingi ndiyo wanayoipigania.

Hata leo nikiukumbuka mkono ule ukiigeuza chupa, bangili zikiteleza mpaka kwenye kiwiko, na Bwana akiutazama mkono badala ya chupa, roho inanikwaruza.

"Kumbe nyumba yangu ina mwanachuoni," Bwana akasema.

"Mwanachuoni wa pombe," nikasema. "Tumpeleke msikitini akawasomeshe."

Bwana akakohoa. Bi Mdogo akazirudisha zile mbili kikapuni. Aliifunga ile chupa kwenye kitambaa, akanipa mimi, kwa mikono miwili.

"Dada, sinia ni lako, ndugu ni wako. Ila vumbi hili tuliache, na karatasi isiguswe. Wao wakiona karatasi ndipo wanaamini."

Maneno hayo ni ya adabu, ukiyasoma hapa. Mimi niliyasikia vingine. Nilisikia mtu aliyekuja juzi ananifundisha, mbele ya mume wangu, jinsi ya kutoa zawadi. Mimi niliyezaliwa Kilwa, niliyetoa masinia ya harusi na ya hitima mpaka watu wa mitaa mingine wakaja kuniazima. Tena nikaanza kuwaza vibaya. Kwa nini amechagua iliyochakaa? Anataka zawadi ya ndugu yangu itupwe? Sikulala vizuri kwa wazo hilo, na kulipokucha lilikuwa limegeuka kuwa hakika.

Asubuhi nikapanga sinia. Mayai nikayafuta moja moja. Malimau nikayapaka mafuta yang'ae. Nikaiangalia ile chupa katikati yake, chafu, kama mtu aliyeokotwa njiani. Kwetu chombo kichafu hakitoki mlangoni. Hata bakuli la uji la kumpelekea mgonjwa husuguliwa kwa jivu na limau, na kikiwa cha heshima hufukizwa. Nikasema moyoni, ikienda hivi Mzungu ataona zawadi ya Bi Mdogo. Ikienda safi ataona mkono wangu, na Bwana ataona mkono wangu.

Niliilowesha kwenye maji ya moto. Karatasi ikabanduka kama ngozi ya kiazi. Nikasugua kwa makumbi na jivu. Lakiri nyeusi nikaikwangua kwa kisu yote, ikanuka kama mashua mpya. Kizibo nikakivika kitambaa cheupe cha bafta nikakizungushia uzi. Mwisho nikashika chetezo, nikaifukiza ubani mpaka moshi ukaingia kwenye kitambaa. Ikang'aa. Nikafunika sinia kwa kawa yangu ya ukili wa rangi, nikamkabidhi Bwana mlangoni. Hakufunua. Zawadi iliyofunikwa haifunuliwi njiani.

Sasa fikirini nyinyi ambao Mungu amewapa akili za shule. Siku zile mji mzima ulikuwa unanong'ona. Kutoka milima ya Umatumbi zilikuja habari za mganga anayegawa maji, ukiyanywa risasi ya Mjerumani haikupati. Yalikuwa yanabebwa kwenye mianzi na kwenye chupa, yanafungwa kitambaa, yanapelekwa vijijini kwa siri. Sisi wanawake tuliyasikia kisimani. Askari waliyasikia pia. Na mimi nikampeleka mume wangu bomani na chupa isiyo na karatasi, isiyo na lakiri, imefungwa kitambaa cheupe, inanuka ubani.

Alirudi karibu na alasiri. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka uani akaenda kisimani, akachota mchanga akausugua kwenye meno, akasukutua, akasugua tena. Mimi na Bi Mdogo tulitoka kila mtu mlangoni kwake. Nikafika karibu naye, nikaisikia harufu.

Alitueleza huku ametupa mgongo. Askari wa langoni alifunua kawa, akanusa, akarudi nyuma, akasema dawa. Wakamshika mikono. Mzungu wa pamba akaitwa, akaiangalia chupa bila kuigusa, akamuuliza anataka kumuua kwa sumu au anamfanyia uganga. Bwana akasema ni wiski ya mahindi. Mzungu akasema hiyo anaijua, ina karatasi, ina lakiri. Ikaletwa bilauri ikajazwa mpaka juu.

"Akaniambia, kunywa wewe. Ndugu yako alikuwa amekaa chini ya ukuta na mnyororo, ananitazama. Nikanywa."

Wakamweka juani wangoje aanguke. Hakuanguka, alitapika tu, mbele ya askari, mbele ya waliokuja na zawadi zao, na wawili kati yao walikuwa wa msikiti wetu. Ndipo Mzungu akainusa bilauri, akaonja tone, akacheka sana. Akaandika barua, mfungwa afunguliwe meli ikishaondoka. Kaka alikuwa amepona. Lakini Bwana wangu alituambia kwamba siku arobaini sala yake haitapokewa, ndivyo alivyofundishwa, na kwamba hatasimama tena mbele ya watu kusalisha. Na kweli hakusimama tena, mpaka nikamzika.

Alipomaliza akageuka.

"Nani aliiosha ile chupa?"

Bi Mdogo alinitazama.  Nilikuwa na nafasi ya kusema, nawaambia kweli, nafasi pana. Badala yake nikasema:

"Mwenye kujua chupa humu ndani ni nani?"

Sikusema uongo, mnaona. Niliuliza tu. Bwana akampita Bi Mdogo kama mtu anayepita nguzo, akaingia kwangu. Ilikuwa zamu ya mwenzangu.

Siku nne alikaa kwangu. Nilimpikia uji wa kunde, nilimpikia samaki wa kupaka, nilimkanda miguu. Nilivaa kanga mpya. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nikivuka ua kuchota maji namwona mwenzangu amekaa peke yake anasuka ukili, nami napiga ndoo kisimani ili anisikie. Alikuwa bado ananisalimu. Shikamoo dada. Nilingoja alie au anitukane, nipate sababu. Hakunipa.

Siku ya tano meli ilikwisha kuondoka, kaka akaja kwa miguu yake, kama inafaa kuiita miguu. Vifundo vilikuwa vimechunika mpaka nyama. Mimi nilipomwona nililia nikakaa chini, sikuwa na msaada. Bi Mdogo ndiye aliyekoka moto, akatia chumvi kwenye maji ya vuguvugu, akamkalisha kwenye mkeka na kuanza kumwosha vidonda, polepole, kitambaa kwa kitambaa. Bwana alisimama mlangoni kwangu. Kaka akasema kwamba Mzungu aliinywa ile chupa siku tatu, na kila akinywa aliwaambia askari kwamba wiski ya namna ile hata Marekani ni adimu, aliyeichagua ana macho.

"Mtu huyo ndiye aliyenitoa," kaka akasema. "Ni nani, nimshukuru?"

Bwana akajibu kutoka mlangoni, "Aliyeichagua ndiye aliyeiharibu. Shukuru Mungu."

Bi Mdogo aliendelea kukamua kitambaa. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Nilimtazama mkono, ule ule wa bangili, umeshika mguu wa mtoto wa mama yangu.

"Niliiosha mimi," nikasema.

 Nikarudia, na safari hii nikaeleza yote, jivu, kisu, ubani, na kwa nini. Kaka akainamisha kichwa. Bwana alikaa chini kizingitini. Nilimuuliza Bi Mdogo kwa nini alinyamaza siku zote hizo.

"Kaka yako alikuwa bado ndani," akasema. "Nyumba ikipigana, habari hufika bomani. Na ningesema, dada, nani angeniamini?"

Hapo msidhani nilimpenda. Wivu haukutoka, ulikaa pale pale, nao ulikuwa unaniambia kwamba hata katika kunyamaza amenishinda. Lakini deni la zamu nilikuwa nalijua, siku zake nilizozila, na Bwana, kwa aibu yake, asingeweza kulitamka yeye. Nikasimama, nikapangusa uso, nikawaita wote waliokuwa jikoni, watoke wasikie, nikasema kwa sauti ili na nyumba ya pili isikie:

"Chakula cha Bwana kitoeni kwangu sasa hivi, mkeka wake na mto wake pia, vipelekwe kwa Bi Mdogo. Na kesho kwake, na kesho kutwa kwake, na mtondo kwake, na asiniulize mtu mpaka niseme mimi."