Mrithi wa Kigoda cha Bibi

Ngozi mbichi ya mbuzi ikiwambwa juani hutoa harufu inayoganda kooni, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya ujinga. Nilipokuwa darasa la nne, uani kwetu Kisesa walichinjwa mbuzi wengi kuliko niliowahi kuona, wote kwa heshima ya dada yangu Kabula. Alikuwa kidato cha nne, msichana wa hesabu na vicheko, mpaka msimu wa kupalilia pamba alipoanza kuwajibu watu ambao sisi hatukuwaona. Akakataa ugali wa mama akisema una sumu. Akaziba dirisha la chumba chake kwa magazeti ili "wale" wasimchungulie. Mama alisema neno moja tu: hospitali.

Lakini neno la mama halikuwa na uzito kwetu. Mwenye kauli alikuwa baba mkubwa Masanja, kaka yake baba, mtu aliyetangulia kwa tumbo na kuchelewa kwa hekima. Alimsikiliza Kabula akiongea na ukuta, akatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu, akatangaza kwamba huyo ni marehemu bibi yetu, mganga aliyejulikana hadi Magu, amerudi kuchagua mrithi. Baba, aliyemwogopa kaka yake kuliko alivyompenda mwanawe, akaitikia. Mama alipobisha akaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi la mkuu tulilisikia vizuri sana, na guu lililovunjika likawa la Kabula.

Wakamvika shanga nyeupe, wakamkalisha kwenye kigoda cha bibi, na wateja wakaanza kumiminika. Watu wazima, wengine wenye simu mbili mfukoni, walimpigia magoti binti mgonjwa wakitaka kujua ng'ombe wao wamepotelea wapi. Siku moja alimsihi mfugaji mmoja wa Usagara azime redio, kwa sababu inamtukana. Redio haikuwapo. Mfugaji akamtazama baba mkubwa, naye baba mkubwa akafikiri kidogo, akatafsiri: "Jirani yako anakusema vibaya. Ng'ombe yuko kwake." Mzee wa watu akashukuru, akaacha jogoo. Majogoo wote hao waliishia tumboni mwa mkalimani, huku Kabula akikonda mpaka shanga zikamlegea shingoni. Niliwadharau wote, na dharau hiyo haijapungua hata chembe.

Misimu miwili ya pamba ilipita hivyo, ndipo mama alipomtorosha alfajiri moja wakapanda gari la mjini. Daktari alieleza kwamba huo ni ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, kwamba una dawa, na kwamba dawa hufanya kazi vizuri zaidi mgonjwa akiwahishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu tunaujenga hadi leo. Sauti zimepungua, hazijaisha. Kabula anapika, anafua, anacheka mara mojamoja, ila ukurasa mmoja wa kitabu unamshinda kuumaliza.

Mwaka jana kitindamimba wa baba mkubwa, aliyeko chuo, naye alianza kusikia sauti. Hakuna mbuzi aliyechinjwa. Baba mkubwa alikodi gari wiki ileile akamkimbiza hospitali, na sasa kijana anameza dawa zake na amerudi darasani. Namfurahia kwa moyo wote. Yeye hana kosa. Baba yake ndiye aliyekuja kwetu kutuhubiria, akajaa kwenye kochi la mama, akiwasifu madaktari kana kwamba amewazaa yeye.

"Wazazi wengi hawaelewi," alisema. "Ugonjwa huu ni kuwahi tu."

Mama akamwuliza polepole, "Shemeji, huyu mizimu haikumtaka?"

"Aa, shemeji," akajibu bila hata kupepesa macho, "huyu anasoma."

Kabula alikuwa amesimama palepale, akimmiminia chai.