Mratibu Haulizwi

Dada yangu mkubwa ana ugonjwa wa kuuliza "uko tayari?" Aliupata kazini. Kwenye kampuni yao, mteja akitaka safari, lazima kompyuta tatu zilizo sehemu tatu zikubaliane: ya kiti cha ndege, ya chumba cha hoteli na ya gari la kumpokea. Programu anayoisimamia Dada, inayoitwa mratibu, huiuliza kila moja kama iko tayari. Inayosema ndiyo hushikilia nafasi, haimpi mtu mwingine, mpaka iambiwe "fanya". Moja ikikataa, zote zinaachia, mambo yanarudi yalivyokuwa.

Sawa, hiyo ni kazi. Lakini Mratibu wetu, na jina hilo nilimbandika mimi, akaileta nyumbani. Kusogeza kabati tu, anatuzungukia wote kwanza na swali lake. Kaka akisema mgongo unamuuma, kabati halisogei, na sisi tuliokwisha kukunja mikono ya mashati tunabaki kutazamana.

Sasa fundi nyaya wa ofisini kwao akamwomba waoane. Nikasema moyoni, hapa tutakoma. Dada akamuuliza Mama, shangazi, kaka na mimi. Wote tukasema tayari. Kisha akanyamaza. Shangazi kaahirisha safari, kaka kazuia ukumbi, mimi nimekataa zamu za wikendi, na lile neno "fanya" halitoki. Nilikuwa nimefura kwa hasira.

Jumamosi fundi akaja, akakaa ukingoni mwa kochi, uso umemshuka. Ofisi ilitaka kumhamishia tawi la mbali, na jibu lilitakiwa jioni hiyo.

"Nani bado hajakubali?" akauliza.

"Wote wamekubali," akasema Dada.

"Sasa unangoja nini, mwenzetu?" nikamrukia. "Umetugandisha hapa kama nyama."

Mama akanikata jicho. Dada akakunja kona ya kitambaa cha meza, akaikunjua.

"Mratibu kazi yake kuuliza," akasema. "Yeye haulizwi."

Tangu Baba afariki yeye ndiye anayetuzungukia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumzungukia yeye. Niliona aibu.

"Dada," nikasema, "wewe uko tayari?"

"Naogopa. Nikiondoka, nani atawauliza nyinyi?"

"Tutaulizana wenyewe, mwanangu," akasema Mama. "Kabati litasogea tu."

Dada akacheka huku akifuta macho. "Basi tayari," akasema, na kwa kuwa hajui kuacha kazi, akatugeukia wote: "Haya, fanyeni."

Fundi akatoa simu kulikataa lile tawi. Kwa furaha akakosea namba mara mbili, ikabidi nimbonyezee mimi.