Chai ya Mwenyekiti Hewani

Redio ya doria ya mtaa wetu wa Tena niliifunga mwenyewe garini mwangu. Waya niliupitisha kwenye fyuzi, redio nikaikaza mbali na miguu ya dereva. Kipaza sauti tu, chenye kitufe cha kubonyeza ukitaka kuongea, kilikosa pa kutundikwa, nikakichomeka kando ya kiti, karibu na paja.

Jioni tulikwenda na gari hilo mkutanoni kwa mwenyekiti wa doria, nikitarajia kuchaguliwa katibu.

"Mama Achieng, jikaze," nikamwambia mke wangu njiani. "Chai ya pale ni maji ya kuoshea vikombe."

"Wewe nyamaza tu unywe."

Mwenyekiti alitupokea langoni, redio yake mkononi.

"Karibu, Mwalimu. Achilia hicho kitufe unachokalia, kikao kizima kimekusikia. Ukatibu tumempa mwingine, lakini chai mke wangu ameongeza majani."