Moyo Yangu na Ngoma ya Mapasa

Miye ni Mama Ngalula, mama ya mapasa, batoto mbili ya mimba moja. Mukubwa, Mbuyi, anashonaka manguo. Muloko yake Kabanga, Mungu alimukamata angali mutoto. Masomo yangu haikupita mwaka ya tatu, njo maana Mbuyi ananisaidia kuandika.

Mbele nilikuwaka nauzisha samaki ya kukauka mu soko ya Manika, pamoja na yaya yangu Tshibola, dada yangu mukubwa. Takisibisi kila asubui, kitunga ku magoti, na kelele ya kutosha.

Siku moja tulikuwa karibu kufika. Bila sababu moyo ikaanza kupiga mbio. Mikono ikakufa ganzi, jasho ya baridi ikashuka ku mugongo, pumzi ikakatika. Nikapiga kelele: “Simamisha! Ninakufa!” Shofere, Tata Kazadi, akajibu: “Mama, usifie mu motokari yangu, ingali mupya!” Batu bakacheka. Miye nikashuka, nikatapika kando ya barabara, yaya ananishika kichwa.

Ku lupitalo Munganga Ilunga akanipima na mashini. “Mama, moyo yako iko kama ya kijana.” Nilifurahi siku mbili. Ya tatu ile boga, woga ya kufa, ikanikamata mu kanisa, kiisha mu soko. Nikaacha soko. Nikaacha kanisa. Mwisho hata mulango ya lupango, uwanja ya nyumba yetu, sikupita tena.

Njo yaya Tshibola naye akagonjwa tumbo, bakamulalisha ku lupitalo, ngambo ingine ya muji. Mutoto yake Meta akapiga simu: “Mama muloko, mama anakuulizia.” Nikasema nitakuya kesho. Ile kesho ikapita, na ingine.

Shemeji yangu Tata Mutombo akasema: “Ni Kabanga. Siku alienda hatukumuimbia vizuri. Pasa hasahau.” Kwetu Bakasai mapasa iko na heshima yao na nyimbo yao. Bakanipakala pemba, udongo nyeupe, bakaita ngoma. Katikati ya nyimbo boga ikanikamata. Nikaanguka, natetemeka mwili yote. Tata Mutombo akaruka: “Amejibu! Kabanga amejibu! Pigeni nguvu!” Bakapiga nguvu. Nilitaka kusema sina pumzi, kinywa ikakatala. Bamama banapiga bigelegele, bananifurahia, na miye chini pale nahesabu nimekufa. Hakuna mutu alinisaidia, juu kila mutu aliamini ananisaidia.

Mbuyi alilia. Kesho yake akaniletea ku nyumba Mama Beatrisi, infirmière, muuguzi ya magonjwa ya mawazo. Alinisikiliza mupaka mwisho.

“Mama, haukufi. Hii inaitwa paniki. Mwili yako inalia kama sirene ya kariere mbele bapasue mawe, lakini hakuna mawe ya kulipuka.”

“Na dawa?”

“Njia iko mbili. Kidonge ya kila siku, inakawia majuma mbele ya kusaidia. Ao kuzoeza mwili: unarudia fasi boga inakukamata, unabakia pale mupaka ishuke yenyewe. Bengine banafanya zote mbili.”

Nikakamata zote mbili. Tata Mutombo akanuna: “Vidonge itasinzisha mapasa.” Mbuyi akamujibu: “Tata, pasa njo miye. Sisinzii.”

Tulianza ku mulango ya lupango. Kiisha kukaa mu takisibisi ya Tata Kazadi, imesimama tu. “Abiria yangu ya ajabu,” akasema, “haendi popote!” Boga ikapanda, nikashika mulango. Mama Beatrisi: “Bakia. Toa pumzi pole pole.” Nikabakia. Ikashuka. Siku ingine ikakatala kushuka, nikakimbia. Na Meta anapiga simu: yaya hakuli tena. Yaya hasemi tena.

Siku tulienda ku lupitalo kwa yaya, nilishuka mara mbili mu njia, nikapanda mara mbili. Batu bakatukana. Tata Kazadi akabangojesha.

Yaya Tshibola alifungua macho, akaniangalia. Nikakamata mukono yake, na pale pale boga ikanikamata miye. Bidole ikakufa ganzi ndani ya yake. Sikutoka. Nilimuambia yote nilikuwa nayo. Kama alisikia, Mungu njo anajua. Siku ya tatu akaenda kwa Mungu.

Boga ingali inakuya, lakini inapita. Namushukuru Mungu, na Mbuyi, na Mama Beatrisi, na Tata Kazadi mwenye kunicheka na kuningojea. Weye mwenye kusoma, kama moyo inakukimbiza na mashini haioni kitu, tafuta munganga ya mawazo leo. Miye nilifika ku kitanda ya yaya na miguu yangu, lakini sauti yake ilikuwa imeshaenda.