Kinu Kitupu na Keekee ya Baba Mkwe

Kwetu Unyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hamsemeshi, wala hapiti njia anayopita yeye. Mimi nikaolewa Mbeya mjini, miaka ya hamsini, kwenye nyumba ya vyumba viwili, na baba mkwe mjane anakaa humo humo! Akikohoa tu, nimeshajificha nyuma ya ukuta wa matete wa jiko.

Alikuwa seremala wa vitanda vya kamba. Macho yakaanza kumtupa mkono, matundu ya kamba yakawa yanakwenda upogo, wateja wakanuna. Shemeji zangu wakasema arudi kwao Tukuyu akaote moto. Mume wangu akakataa. Akatengeneza ubao wa kuteleza, wenye mapengo pembeni, mti wa kitanda unafungwa juu yake. Mzee akisukuma, kikomeo kinadumbukia kwenye pengo, tak, mti unasimama wenyewe mahali pa tundu. Anashusha keekee, chuma chake cha kutobolea, anatoboa, anainua, anafungua kikomeo, anasukuma mpaka pengo linalofuata. Hata kipofu angeweza.

Misheni ikaagiza vitanda vya bweni. Siku ya kwanza mzee akasahau kuinua. Akasukuma mti huku keekee imo ndani, ncha ikakatika. Ikabaki ncha moja, na ya kununua mpaka Iringa.

“Baba, hii nayo ikikatika, ndugu zangu watakuja kukuchukua,” mume wangu alimwambia, kisha akaenda zake gereji alikofanya kazi.

 Nilimwonea mzee huruma hata chakula kikanishinda.

Kesho yake nilikuwa natwanga mahindi jikoni, naye yuko kazini barazani, ng'ambo ya matete. Nikasikia tak, nikasikia keekee ikilia, halafu kikomeo kikifunguliwa. Chuma hakijapanda! Kumwita siwezi. Nikapiga mchi kinuni kwa nguvu zangu zote. Upande wa pili nikasikia chuma kikipanda.

Tangu hapo, kila tundu likiisha napiga mchi, naye anainua. Hatukuwa tumepatana, wala hakuna aliyetutumia mshenga. Mahindi yakiisha natwanga kinu kitupu. Majirani wakanicheka, eti bibi harusi wa Kinyakyusa anatwanga maji kwenye kinu. Nikawaacha wacheke. Mimi nilikuwa nazungumza na baba mkwe wangu, na nilifurahi kuliko siku ya harusi.

Siku ya kumaliza kazi homa ikaniangusha. Nikalala chumbani natetemeka. Mume wangu aliporudi mchana kula, nilimsikia akishangaa barazani.

“Baba, mbona umekaa tu na mkono kwenye keekee? Tangu asubuhi tundu moja? Gari la misheni linakuja leo!”

“Namsubiri mwenzangu,” mzee akasema. “Leo hajasema.”

Machozi yalinitoka pale kitandani. Mwenzangu! Nikajifunga blanketi, nikatoka kwa mlango wa nyuma huku nikishika ukuta, nikaketi mbele ya kinu. Mchi ulikuwa mzito kama gogo. Nikapiga.

Nyuma ya matete chuma kikapanda. Mzee akacheka kidogo, akasukuma mti.

Tuliendelea hivyo, yeye na keekee yake, mimi na homa yangu, hadi gari likapiga honi barabarani na mti wa mwisho umeshatobolewa. Hakuna aliyekwenda Tukuyu kuota moto.